Nilifufua chainsaw ya mjane, tukaipeleka kanisani ibarikiwe, haikurudi nyumbani

Wakuu, amani kwenu nyote mliomo humu ndani.

Mimi ni mzee wa Kamina, Haut-Lomami, huku Congo. Kwa kawaida huwa nasoma tu, hasa nyuzi za mafundi, kisha naondoka kimya. Leo naandika mwenyewe kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na rozari peke yake haijalitoa.

Nitakayoyasema yalitokea mbele ya parokia nzima. Hata nikitaka kuongeza chumvi, wapo wengi wa kunisuta. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kiswahili changu cha kuandika nilikipata shule ya makatekista. Cha kusema ni kile cha kwetu Katanga, kimechanganyika na Kiluba na Kifaransa. Kwa hiyo watu wakizungumza humu nitawaacha wazungumze walivyozungumza. Minyi ni mimi, njo ni ndiyo, fasi ni mahali; mkikwama kwingine, ulizeni.

Kwanza niwaeleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa uchungu wangu.

Nilikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Tangu nistaafu nafufua chainsaw za zamani, huku tunaziita tronçonneuse. Siyo hizi za plastiki zinazouzwa sokoni sasa, ambazo ukizitazama vibaya zinapasuka. Nazungumzia zile nzito, za enzi za wamisionari na wazungu wa reli, ambazo mtu akibeba moja mchana kutwa jioni anatembea kama amepigwa.

Zimejaa nyuma ya nyumba za watu hapa Kamina. Kuku wanatagia juu yake. Mwenye nyumba anakwambia imekufa. Mara nyingi haijafa, imesahauliwa tu.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda. Unashika kamba ya kuwashia, unainua mashine nzima kwa kamba hiyo, inaning'inia. Ikishuka polepole, kwa kusitasita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, basi kifua chake ni kizima. Ikianguka puu, mapafu yamekwisha.

Nimefurahi mara nyingi maishani. Nimeoa, nimezika wazazi kwa heshima, nimeona wajukuu. Lakini furaha ya kuona chuma cha zamani kikishuka polepole kwenye kamba, hiyo namshukuru Mungu kwa namna yake peke yake.

Sasa twende kwenye kisa.

Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa Banza, mpasuaji mbao. Mtu wa kazi, mtu wa utani, alikuwa akinipita anasema, "Papa Katekista, uniombee, minyi niko nakata miti ya Mungu bila ruhusa." Alikuwa na tronçonneuse kubwa aliyoipata kwa mabruda wa misheni walipokuwa wanafunga karakana yao. Aliitumia mpaka ikakataa. Akanunua nyingine ya kichina, hiyo nayo ikakataa mapema zaidi, akaitupa. Ile kubwa akaiweka nyuma ya nyumba chini ya bati.

Banza akafa. Homa, halafu hospitali, halafu kilio. Mungu amrehemu.

Wale wasiojua desturi yetu niwaeleze kidogo. Kwa Baluba, mtu akifa, ndugu zake wanaona mali yake ni mali ya ukoo. Sheria ya nchi inasema vingine, lakini sheria ya nchi iko Kinshasa na ndugu wa marehemu wako mlangoni. Walikuja wakiongozwa na mdogo wake, Kasongo. Walichukua pikipiki, redio, mabati mapya aliyokuwa amenunua, hata mlango wa jikoni waliung'oa.

Mjane wake, Mama Ngoie, alikaa kwenye mkeka akiwatazama.

Mmoja wao akaipiga teke ile tronçonneuse chini ya bati. Kasongo akamwambia, nami nilikuwepo nasikia, "Ile achia mujane. Chuma ya kufa, tutaibeba ya nini?"

Wakaenda zao.

Baada ya matanga Mama Ngoie alikuja kwangu. Kwetu mwanamke mwenye adabu akiomba kitu kikubwa hupiga makofi kidogo kwanza. Alipiga makofi, akatoa asante ya Kiluba, akasema, "Wafwako, papa. Weye unafufuaka zile mashine. Ile ya Banza utaangalia? Miti yake ya kalitusi iko bado kule kwa shamba, ile hawakuweza kubeba. Kama mashine inalia, nitatafuta muntu wa kupasua, mbao zitanilisha."

Hapo ndipo penyewe wakuu. Kwake mashine ile ilikuwa chakula, na ilikuwa sababu ya kubaki Kamina, kwenye nyumba aliyojenga na mumewe. Bila mashine, ilibidi aende kwa dada yake Bukama akauze samaki.

Nikaichukua.

Mafundi mtafurahi hapa, wengine rukeni aya chache.

Pistoni ilikuwa imeganda. Nilimimina mafuta ya dizeli kwenye tundu la plagi, nikaiacha inywe taratibu, nikawa naisukuma kwa kipande cha mti, si kwa nyundo. Wenye haraka hupiga nyundo wakavunja. Nilisali na kusubiri, nikasukuma tena. Siku ilipolegea nilisema Deo gratias, Mungu ashukuriwe, peke yangu mle chumbani, mke wangu akauliza nazungumza na nani.

Umeme wa plagi ulikuwa wa mtindo wa kale, ule wa platini zinazogusana na kuachana. Zilikuwa zimeliwa na kutu. Nikatoa koili ya jenereta ndogo iliyokufa, ile ya kubeba kwa mkono mmoja, nikaifunga mahali pake. Ilinigharimu majaribio mengi mpaka cheche ikatoka kwa wakati wake.

Utando wa kabureta nilijaribu kuukata kwenye mpira wa baiskeli. Msijaribu. Petroli inauvimbisha kama maandazi. Mwishowe nilipata utando mzuri kwenye pampu ya petroli ya lori bovu, aliniuzia Ramazani, ambaye nitamtaja tena.

Kisha nikafanya marekebisho mawili ya kwangu mwenyewe. Mashine za zamani hazina kinga ya mkono wa mbele, mkono ukiteleza unakwenda kwenye mnyororo. Nikachomelea kinga. Na kwa kuwa kazi yake ingekuwa kupasua mbao, nikatengeneza fremu ya chuma cha vitanda vya zamani, unaifunga kwenye upanga wa mashine, ule unaobeba mnyororo, inatembea juu ya gogo kama treni juu ya reli na ubao unatoka umenyooka.

Nikaishika kwa kamba. Ikashuka polepole.

Nilipoiwasha, mtaa mzima ulisikia. Mashine hizi hazinong'oni. Mama Ngoie alikuja mbio na unga wa mihogo mikononi, akasimama pale uani, akafunika mdomo. Aliujua mlio wake. Alikuwa hajausikia tangu mumewe akiwa na nguvu.

Ila na wengine waliusikia.

Kasongo alikuja akiwa ananing'iniza funguo za pikipiki ya kaka yake kidoleni.

"Jambo muzee. Banasema tronçonneuse ya kaka inalia."

"Inalia," nikasema.

"Aksanti kwa kazi. Basi nimekuja kuibeba."

"Hii ya Mama Ngoie. Weye mwenyewe ulisema bamuachie."

Akacheka, tena kwa heshima, hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Muzee, minyi niliacha chuma. Hii iko mashine. Haviko kintu kimoja. Weye fundi, unajua kuzidi minyi."

Nikamwambia hapa kwangu haitoki. Akaniambia haina shida, atarudi na wazee wa ukoo.

Mama Ngoie aliposikia hakulia. Alisema tu, "Wakati mashine ilikuwa kimya, hakuna mwenye alikuwa anaona ile kintu."

Sasa fikirini wakuu, mngefanya nini?

Nilikwenda kwa Ramazani. Ni mwuza spare, Mwislamu wa jamaa za Maniema, babu zao walifika huku zamani na biashara. Tumejuana tangu nikiwa reli. Akasikiliza, akasema, "Papa, ita chef wa quartier, mukubwa wa mtaa. Ita na wale walikuwa kwa kilio siku ile. Kasongo aulizwe mbele yao: ulisema ama hukusema? Aseme. Bintu imekwisha."

Nikamwambia nina njia bora. Kwenye parokia yetu watu huleta vitu kubarikiwa: baiskeli mpya, nyavu, cherehani. Padri anamtaja mwenye kitu kwa jina, anakinyunyizia maji, watu wote wanaitikia. Kitu kilichobarikiwa kwa jina la mtu, nani atakigusa? Hata wazee wa ukoo wataogopa. Mashahidi gani kuzidi kanisa zima?

Ramazani akakuna ndevu. "Kanisani bantu banaimba, papa. Hawasikilizake."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa Mwislamu.

Nikamwona Papa Umba, mwenyekiti wa kamati ya parokia, nikamweleza kila kitu: mjane, shemeji, jina litajwe, baraka. Akanisikiliza vizuri sana. Akasema, "Ni muzuri, papa. Ngojeni sikukuu ya mavuno. Kanisa litajaa. Njo siku ya kubariki kintu ya nguvu vile."

Nilishukuru. Namkumbuka alivyonishika bega.

Siku ya mavuno tuliipeleka mapema, kabla Kasongo hajarudi na wazee wake. Nilikuwa nimeisafisha mpaka inang'aa, tukaiweka pembeni ya altare juu ya meza, imefunikwa kitenge cha Mama Ngoie. Yeye alikaa safu za mbele, amevaa sare yake ya mama wakatoliki. Mume wake hayupo, mlango wa jikoni hana, lakini siku ile alikuwa ameinua kichwa.

Misa ikaenda vizuri. Mahubiri marefu, kwaya nzuri.

Ikafika matoleo.

Ambao hamjawahi kuona matoleo ya mavuno kwetu, mkae mkijua siyo kupitisha kikapu. Ni maandamano. Kina mama wanaingia wakicheza, magunia ya mahindi kichwani, mihogo, mafuta ya mawese, kuku wamefungwa miguu, samaki wakavu kutoka ziwani, mbuzi anakokotwa na vijana. Ngoma, vigelegele, kila jumuiya inataka kushinda nyingine. Na kila kinachofika mbele kikipokelewa na padri kimetoka mikononi mwa watu. Hakirudi. Hata mtoto anajua. Bibi mmoja hapa aliwahi kuweka mwavuli wake juu ya gunia bahati mbaya, mwavuli ukaenda.

Jumuiya ya mwisho ilipokuwa inaingia, nikamwona Papa Umba anawapungia vijana. Wakaenda kwenye meza. Wakaiinua tronçonneuse juu ya mabega kama wanabeba sanamu, kitenge kikaanguka, wakaizungusha wakaiingiza katikati ya maandamano.

Kanisa lilipasuka kwa vigelegele.

Parokia ya ng'ambo ya reli mwaka uliotangulia walikuwa wametoa pikipiki. Watu wetu walikuwa hawajasahau. Sasa na sisi tulikuwa na kitu cha injini.

Nilisimama. Nilikuwa safu ya makatekista, upande wa kushoto. Nilifungua mdomo, lakini ngoma zilikuwa juu, na mtu hapigi kelele mbele ya altare. Miaka yote nimewafundisha watoto hivyo. Nikabaki nimesimama, watu wakadhani nashangilia.

Padri wetu, kijana, Abbé mwema kabisa, akaipokea kwa mikono miwili mpaka akayumba kwa uzito. Kisha akasema kwenye maikrofoni, "Tunamushukuru mama yetu Ngoie, mujane, mwenye ametoa kile kikubwa alichokuwa nacho."

Nikamtazama Mama Ngoie.

Wenzake walikuwa wanamkumbatia. Wanampangusa jasho kwa leso. "Mama, umetupita wote." "Mama, weye uko na roho." Kila mkono ulikuwa unamtafuta. Na yeye akaipokea mikono yote, mmoja mmoja, uso wake umekauka. Angesema nini? Asimame mbele ya watu waliomwita mtakatifu aseme, hapana, sikutoa, nirudishieni?

Baada ya ekaristi nilimkuta Papa Umba nje. Nikamwuliza amefanya nini.

"Papa, siku ya mavuno kila kintu inaendaka mbele na njia moja. Hakuna njia ingine. Na angalia namna bantu bamefurahi. Mama atabarikiwa mara mia."

"Nilikueleza habari ya shemeji yake."

"Sasa shemeji ataibeba wapi? Iko ya Mungu."

Alikuwa anaamini alichosema. Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Ningempata mwizi ningejua la kufanya naye.

Nikamfuata Abbé sakristia, anavua kanzu. Nikamweleza. Alikaa chini. Alinisikia, nasema ukweli, alinisikia mpaka mwisho, akashika kichwa.

"Papa Katekista, kile kilichopokelewa mbele ya waamini, nikirudisha leo, kesho kila muntu atarudia mbuzi yake. Na mama mwenyewe, nikisema hakutoa, nitamweka wapi? Bantu bamemuimbia." Akaikunja kanzu yake. "Itauzwa pale kwa mnada. Mutie mkono muinunue. Minyi pia nitaongeza kidogo."

Mnada hufanyika uani mara baada ya misa, fedha zinakwenda kwenye paa la kanisa. Nikamwita Ramazani, duka lake haliko mbali, akaja na alichokuwa nacho. Mimi nikatoa changu. Abbé akaleta bahasha yake. Tukijumlisha, fedha haikuwa haba. Nikajipa moyo kwamba Mungu amefungua mlango wa nyuma.

Mahindi yakauzwa, kuku wakauzwa, mbuzi akauzwa kwa kelele nyingi.

Ikaletwa tronçonneuse.

Na hapo nikamwona Kasongo. Hasali kwetu, anasali kwenye kanisa la uamsho upande wa sokoni, lakini mnada ni wa wote. Amevaa shati jeupe. Akataja bei ndogo, ya aibu, bei ya chuma.

Ramazani akainua mkono aongeze.

Kasongo hakuongeza juu yake. Aligeuka akawatazama watu, akasema polepole, bila ugomvi:

"Wazee, mama zangu. Hii mashine iko ya kaka yangu, Banza. Mwenye tulizika. Nani atanunua kintu ya marehemu juu ya kichwa ya ndugu yake wa tumbo moja?"

Kimya.

Wasiotoka huku hamtaelewa ule ukimya. Kwetu kushindania kitu cha marehemu na nduguye wa damu, mbele za watu, ni kama kumwambia ukoo mzima kwamba mtu wao hakuwa na ndugu. Ni matusi yasiyofutika. Yatamfuata mtoto wako. Kila aliyekuwa na fedha aliitazama miguu yake.

Mzee mmoja akamwambia Ramazani kwa sauti ya chini, "Shusha mukono, baba. Ninyi muko watu wa biashara, sisi tuko na makaburi pale."

Ramazani akanitazama mimi. Mimi ni Mluba, wakuu. Nilijua nikisema neno, nimevunja mwiko. Na nilijua pia kwamba kwa neno lile lile la ukoo, Kasongo alikuwa amemvua mjane kila kitu. Nilikuwa nikitafuta la kusema lililo la haki na lisilo matusi. Sikulipata kwa wakati.

Papa Umba, aliyekuwa akiendesha mnada, akagonga meza.

Kasongo akalipa. Ile bei ya chuma. Na kwa kuwa Abbé hubariki vyote vilivyouzwa kabla havijaondoka, akainyunyizia maji. Baraka niliyoiomba ikatoka kweli, mbele ya watu wote, na jina lililotajwa lilikuwa la Kasongo, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mnunuzi.

Mama Ngoie hakuwepo uani. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa njia ya nyuma.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia. Nikaomba msamaha, akanikatiza.

"Papa, weye haukuniibia. Kasongo pia sasa hakuniibia, alinunua. Kanisa haikuniibia, nilitoa. Banaimba nilitoa." Akakaza kamba ya gunia kwa goti. "Hakuna muntu ameniibia, papa. Njo maana hakuna fasi ya kushitaki."

Alipanda treni ya Bukama. Nasikia anauza samaki wakavu kwenye gati, yuko hai, ana afya. Miti ya kalitusi nayo Kasongo anaipasua sasa, maana mashine inayo fremu.

Paa la kanisa limeezekwa. Halivuji. Namshukuru Mungu, kweli namshukuru, na kila nikiinua macho wakati wa mageuzo, padri anapoinua hostia, naona bati.

Funzo langu wakuu ni fupi. Haki ya mjane usiipeleke kwanza ikabarikiwe. Ipeleke kwanza ikasikilizwe, penye watu waliokaa chini na hawaimbi. Baraka haina haraka, itakuja baadaye, haijawahi kuchelewa. Nina miaka mingi katika imani na nilikuwa sijui hilo.

Nakaribisha maoni.

*

Wakuu, nimerudi. Nimesoma mliyoandika, asanteni, hata mlionikaripia. Aliyeuliza kama Mama Ngoie angeweza kwenda mahakamani: angeweza, kwenye karatasi. Yeye hataki. Aliyesema Papa Umba alikula njama na Kasongo: hapana. Nimemjua tangu ujana, hana akili ya njama. Alitaka tu parokia yetu ishangiliwe.

Na yule aliyeuliza mashine iko wapi sasa, nilitaka nisijibu, lakini niliahidi ukweli.

Iko mwendo mfupi wa miguu kutoka kwangu, kwenye shamba la Banza. Naisikia kila asubuhi.

Na inalia vibaya.

Watu wa porini wanapenda mashine inayopiga mayowe. Wanadhani mlio wa juu ni nguvu. Kasongo amefunga skrubu ya kabureta ili ipige mayowe, na mashine imekosa petroli ya kutosha, na katika mashine hizi mafuta ya kulainisha yanakuja ndani ya petroli. Kwa hiyo inakimbia kavu. Haitamdhuru mtu. Itaichoma pistoni yake yenyewe, itaganda tena, basi. Na pistoni kama ile haipatikani tena popote.

Robo ya mzunguko wa skrubu ingetosha. Kazi ya pumzi moja.

Nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye maranda. Kasongo akazima, akawageukia wapasuaji wake. "Angalieni, muzee amekuja kumulilia bibi yake wa chuma." Wakacheka. Akaniambia, "Papa, kama unataka kazi, sema. Nitakupa ya kubeba mbao."

Nilikuwa na neno moja la kumwambia, juu ya skrubu. Nikarudi nalo nyumbani.

Nimekwenda kuungama. Abbé akasikiliza, akauliza, "Papa, lakini dhambi iko wapi?" Nikajaribu kumweleza skrubu. Akanipa Salamu Maria chache, nadhani kwa heshima ya umri wangu tu. Nilizisali zote, na nilipomaliza bado nilikuwa nataka pistoni ile iungue.

Nimefufua mashine maisha yangu yote, na sasa nakaa barazani nikisikiliza moja ninayoipenda ikijiua, na kuna sehemu ya moyo wangu inayohesabu. Mniambie, wenye imani na wasio nayo: mtu akinyamaza kwa namna hii, amesamehe, au analipiza kisasi kwa mikono mitupu?

Asubuhi hii imewaka tena. Mlio umepanda kuzidi jana.

Bisibisi ninayo mfukoni, wakuu. Miguu ndiyo inayokataa.